Georges Seurat (1859–1891): Mchoraji wa Vitone

Kabla ya kusoma habari za mtu huyu, mkumbuke kwanza kanga. Sisemi kanga ya kujifunga, nasema kanga ndege. Huku kwetu Kisanga, wilayani Kilosa, si ajabu kuwakuta asubuhi wakiparura kando ya shamba la mahindi. Ukiwa mbali utaapa kwamba ndege wale ni wa kijivu. Wakisogea karibu, kijivu chote kinapotea, na unachoona ni manyoya meusi yaliyojaa vitone vyeupe. Kijivu kile hakikuwa mwilini mwa kanga. Kilitengenezwa na jicho lako, ambalo kwa sababu ya umbali lilishindwa kuvitenganisha vitone, likavichanganya.

Mfaransa Georges Seurat (herufi t ya mwisho wa jina lake haitamkwi) alitumia maisha yake ya kazi kulijaribu jambo hilo. Je, mchoraji anaweza kuacha kuchanganya rangi kwenye kibao chake, akaziweka upande kwa upande katika vitone vidogo, halafu akaliachia jicho la mtazamaji limalizie kazi? Alipata miaka kumi hivi tu ya kujaribu, maana alifariki akiwa na umri wa miaka 31. Mchoro uliompa jina unaonyesha watu waliopumzika kando ya mto siku ya Jumapili.

Nimeuweka wasifu wake katika kitabu hiki kwa sababu ya kosa ninalolikuta kila mwaka ninaposahihisha. Mwanafunzi akiambiwa aandike wasifu, huanza na alizaliwa, humaliza na alifariki, na katikati hupanga orodha ya shule. Msomaji hamjui mtu huyo zaidi ya alivyomjua mwanzo. Wewe soma ukijiuliza: mtu huyu alitaka nini, na je, alikipata? Tarehe zishike, lakini ziwe watumishi wako.

Seurat alizaliwa jijini Paris tarehe 2 Desemba 1859. Baba yake, Antoine Chrysostome Seurat, alikuwa dalali wa mahakama aliyetajirika kwa biashara ya viwanja na nyumba, akastaafu mapema. Alikuwa mtu wa kujitenga. Muda mwingi alikaa peke yake katika nyumba yake ya Le Raincy, nje ya jiji, na kwa mkewe alifika mara moja kwa wiki. Mama, Ernestine Faivre, ndiye aliyewalea watoto pale Paris. Georges alirithi ukimya wa baba. Rafiki zake walimjua kama kijana mrefu, nadhifu, mwenye maneno machache, ambaye angeweza kukaa nao jioni nzima bila kusema neno, mpaka mazungumzo yafikie habari za rangi, hapo alichangamka.

Habari ya fedha za baba usiipite haraka. Familia ilimpa Seurat posho, kwa hiyo hakulazimika kuuza mchoro ili ale. Mlinganishe na mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ambaye alipaka rangi juu ya vipande vya hadibodi na kuviuza Dar es Salaam ili apate riziki. Mtu anayesubiri mteja wa leo hawezi kukaa miaka miwili juu ya mchoro mmoja. Seurat aliweza. Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umelipiwa.

Alianza kujifunza katika shule ya uchoraji ya manispaa, chini ya mchongaji Justin Lequien. Mwaka 1878 aliingia École des Beaux-Arts, chuo kikuu cha sanaa cha Ufaransa, akafundishwa na Henri Lehmann. Masomo yalikuwa ya kunakili: sanamu za plasta, michoro ya mabingwa wa zamani, miili ya watu waliosimamishwa mbele ya darasa. Mwaka 1879 aliona maonyesho ya wachoraji wa impreshonizimu, akina Claude Monet na wenzake, waliotoka nje na kuchora haraka mwanga ulivyo kabla haujabadilika. Mwaka huohuo aliondoka chuoni. Alitumikia jeshi kwa mwaka mmoja mjini Brest, kwenye pwani ya magharibi, akarudi Paris mwaka 1880.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo angekimbilia rangi. Badala yake, kwa takriban miaka miwili nguvu zake nyingi alizitia katika kuchora kwa kalamu nyeusi ya mafuta juu ya karatasi yenye mikwaruzo. Kalamu ilishika kwenye vinundu vya karatasi, mashimo yakabaki meupe. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa vitone vya rangi, tayari alikuwa akichora kama kanga: nyeusi na nyeupe zikiwa zimetengana kwenye karatasi, na kijivu kikitokea machoni. Mchoro mmoja wa aina hiyo, wa rafiki yake Edmond Aman-Jean, ulipokelewa mwaka 1883 katika Salon, maonyesho rasmi ambayo jopo la waamuzi liliamua nani aingie na nani abaki nje.

Wakati huohuo alikuwa akisoma vitabu ambavyo wachoraji wengi hawakuwa na haja navyo. Alisoma kazi ya Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, kilichofuma mazulia na mapazia ya ukutani. Chevreul alikuwa ameletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa hafifu. Alizipima, akakuta dawa ya rangi haina kasoro yoyote. Nyeusi ilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa jirani yake. Kutokana na hayo aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1839, kikieleza jinsi kila rangi inavyoibadilisha jirani yake. Seurat alisoma pia kitabu cha Ogden Rood, mwanasayansi wa Marekani, kilichotafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1881. Rood alionyesha kwamba vitone vya rangi mbili vikiwekwa karibu, mtu akasogea mbali, huyeyukiana na kuwa rangi ya tatu.

Usiyakariri haya, yajaribu. Kata kipande cha karatasi nyekundu, kikodolee macho kwa nusu dakika bila kupepesa, kisha hamishia macho ukutani penye chokaa nyeupe. Utaona kivuli chenye umbo lilelile, lakini cha rangi ya kijani. Jicho likichoshwa na nyekundu hujitengenezea kijani. Kwa namna hiyohiyo bluu hukabiliana na rangi ya chungwa, na njano hukabiliana na zambarau. Rangi zinazokabiliana zikiwekwa upande kwa upande, kila moja humng'arisha mwenzake. Jaribio la pili ni la tone la maji. Liweke dogo juu ya kioo cha simu inayowaka. Litakuza kama lenzi, nawe utaona ule weupe umejengwa kwa alama ndogo nyekundu, za kijani na za bluu. Kamusi zitakwambia kwamba uchoraji wa Seurat huitwa pointilizimu, yaani wa nukta. Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo. Kwake jambo kuu lilikuwa kuitenga rangi na mwenzake ili mwanga uzidi, na nukta ilikuwa njia tu ya kufikia huko.

Hapa wanafunzi wengi huchanganya. Vitone vya chui wa Tingatinga na vitone vya Seurat si kitu kimoja. Chui ana madoa, kwa hiyo mchoraji anayachora madoa, tena anayapanga yapendeze. Vitone vya Seurat havikuwekwa vionekane kama madoa ya kitu chochote. Viliwekwa vipotee.

Mchoro wake mkubwa wa kwanza, Waogaji wa Asnières, una upana wa mita 3 na urefu wa mita 2 kwenda juu. Unaonyesha wanaume na wavulana wa kawaida wakipumzika ukingoni mwa mto Seine, nje kidogo ya Paris. Nyuma yao moshi wa viwanda unapanda. Mmoja amelala, mwingine ameketi akiwa amevua viatu, na mvulana aliyesimama majini ameweka viganja mdomoni kana kwamba anamwita mtu wa ng'ambo. Mwaka 1884 Salon iliukataa. Seurat na wengine waliokataliwa wakafanya maonyesho yao wenyewe katika jengo la muda, na mchoro wake ukatundikwa sehemu ya kuuzia vinywaji, ambako wengi walipita bila kuutazama. Kutokana na mkusanyiko huo kilizaliwa chama cha wasanii huru ambacho hakikuwa na jopo la kumkataa mtu. Humo alikutana na Paul Signac, kijana wa miaka 20, mchangamfu na msemaji, aliyekuja kuwa mdomo wa Seurat mkimya.

Ng'ambo ya Asnières, katikati ya mto, kuna kisiwa chembamba kiitwacho La Grande Jatte. Siku za Jumapili watu wa Paris walikwenda huko kutembea, kupiga makasia na kukaa kivulini. Mwezi Mei 1884 Seurat alianza kwenda huko asubuhi, akiwa na vibao vidogo vya mbao alivyoweza kuvishika mkononi. Alichora nyasi tupu, akachora miti, akachora mtu mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Kabla ya kumaliza alikuwa na michoro ya maandalizi ipatayo 60. Mchana aliporudi alipanda ngazi mbele ya turubai lenye upana wa zaidi ya mita 3 na kuhamishia pale alichokikusanya, mara nyingi mpaka usiku, kwa mwanga wa taa ya gesi.

Mwezi Machi 1885 mchoro ulikuwa umekaribia kukamilika. Maonyesho aliyoyatarajia hayakufanyika. Mwingine angeuacha hivyo hivyo na kusubiri. Seurat aliurudia kuanzia Oktoba mwaka huo, akapitisha vitone vidogo juu ya kazi iliyokuwepo: vya rangi ya chungwa mahali jua lilipopiga nyasi, vya bluu na zambarau penye kivuli. Mwaka jana nilijaribu jambo hili na wanafunzi wa Kidato cha Pili. Tulitumia vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, rangi za maji na kipande cha manila chenye ukubwa wa jalada la daftari. Vipindi viwili vilikwisha na hakuna aliyefika nusu, na watatu walikuwa wamegeuza vitone kuwa mistari kwa kuchoka. Sasa zidisha daftari lile mpaka lijae ukuta wa darasa.

Tuuangalie mchoro wenyewe, Jumapili Alasiri katika Kisiwa cha La Grande Jatte. Una watu karibu 50, na karibu wote wametazama kushoto, upande wa mto. Kulia amesimama mwanamke mwenye mwavuli na sketi iliyofura nyuma kufuatana na mitindo ya wakati ule; pembeni yake yupo bwana mwenye kofia ndefu, na mkononi mwanamke huyo ameshika kamba aliyofungwa tumbili. Kushoto, chini, mwanamume aliyevaa fulana isiyo na mikono amejilaza akivuta kiko. Yupo mwanamke anayevua samaki, mtu anayepiga tarumbeta, wanajeshi wawili waliosimama wima, mashua majini, mbwa, na mtoto wa kike anayekimbia. Katikati kabisa yupo mtoto mwingine aliyevaa gauni jeupe. Huyo amekutazama wewe.

Pamoja na watu wote hao, mchoro hauna kelele. Kila mmoja yuko kama sanamu. Jumapili mtoni kwetu Kisanga haifanani na hii hata kidogo: huyu anafua, yule anaoga, nguo zimeanikwa juu ya nyasi, watoto wanarushiana maji, na salamu zinavuka mto kabla ya watu kuonana. Ningempeleka Seurat pale, nadhani angetafuta kona ya kujificha. Lakini ukitazama kwa makini, hata katika kisiwa chake yupo mtu aliye kazini: yaya aliyeketi na bibi kizee, ametupa mgongo, kofia nyeupe kichwani na utepe mwekundu ukining'inia. Mapumziko ya tajiri yana mtumishi ndani yake. Kumbuka pia kwamba Waogaji wa Asnières wanatazama upande wa kulia, na hawa wa kisiwani wanatazama kushoto. Ukiitundika michoro hiyo miwili kwa mpangilio huo, vijana wa viwandani na mabwana wenye kofia ndefu wanatazamana kutoka kingo mbili za mto mmoja. Yule mvulana bado ameweka viganja mdomoni, na ng'ambo hakuna aliyegeuka kumjibu. Seurat hakueleza kama alikusudia hivyo. Mimi naamini alikusudia.

Mchoro ulionyeshwa tarehe 15 Mei 1886 katika maonyesho ya nane, na ya mwisho, ya kundi la impreshonizimu. Aliyemfungulia mlango ni Camille Pissarro, mzee wa kundi, mwenye umri wa miaka 55, ambaye naye alikuwa ameanza kuchora kwa vitone. Monet na Renoir hawakushiriki. Watazamaji walicheka. Walimcheka tumbili, wakazicheka sketi, wakasema watu wale ni wanasesere wa mbao. Lawama hiyo ya mwisho ilikuwa na ukweli ndani yake, ila Seurat aliutaka ugumu ule. Alitamani watu wa siku zake, na mavazi yao ya Jumapili, wapite mbele ya macho kwa utulivu kama maandamano yaliyochongwa na Wagiriki wa kale kwenye kuta za hekalu la Parthenon. Mtu mmoja alielewa mapema. Félix Fénéon, kijana wa miaka 24 aliyekuwa karani katika Wizara ya Vita, aliandika uchambuzi uliofafanua vitone vile rangi kwa rangi, na ndiye aliyelipa kundi hili jipya jina la neo-impreshonizimu.

Baada ya hapo sifa zilikuja, na pamoja nazo udhaifu wake ulijitokeza. Wachoraji wengine walipoanza kutumia vitone, Seurat hakufurahi. Aliogopa kwamba wakiwa wengi, ugunduzi wake utaonekana wa kawaida, na uhusiano wake na baadhi yao ukaingia baridi. Mtu anayesema njia yake imejengwa juu ya sayansi hana budi kukubali wengine waifuate. Sayansi haina hatimiliki ya mtu mmoja. Pissarro aliitumia njia hiyo kwa miaka michache kisha akaiacha, maana ilikuwa ya polepole mno na aliona inamnyima uhuru. Vincent van Gogh alitembelea chumba cha kazi cha Seurat mwezi Februari 1888, muda mfupi kabla ya kuhamia kusini mwa Ufaransa, akachukua alichokitaka na kuacha kilichobaki. Seurat mwenyewe aliendelea. Alichora wanawake watatu ndani ya chumba chake cha kazi, huku La Grande Jatte ikionekana ukutani. Akachora sarakasi usiku chini ya taa za gesi. Na karibu kila majira ya joto alikwenda pwani ya kaskazini kuchora bandari tulivu zisizo na watu.

Je, alikipata alichokitaka? Jibu halikai upande mmoja. Vitone vyake mara nyingi haviyeyuki kabisa, kwa hiyo jicho halioni rangi moja mpya, linaona mtetemo, kama joto la mchana linavyotetemeka juu ya lami ya barabara ya Mikumi. Tena njano na bluu zikichanganyikia machoni huelekea kijivu kuliko kijani, tofauti na zinavyofanya kwenye kibao. Pigo kubwa zaidi lilitoka dukani. Miongoni mwa rangi alizotumia katika hatua ya mwisho ya La Grande Jatte ilikuwamo njano mpya iliyotengenezwa kwa zinki. Rangi hiyo haikudumu. Katika miaka michache tu ilianza kugeuka hudhurungi, na nyasi zilizopigwa jua zikapoteza sehemu ya ule mwanga ambao kwa ajili yake aliurudia mchoro mzima. Alisoma vitabu vya macho, vya nuru na vya rangi, lakini aliyemwangusha ni kemia ya kopo la rangi. Mwanafunzi wa kemia atamhurumia.

Maisha yake ya nyumbani aliyaficha hata kwa marafiki wa karibu. Kufikia mwaka 1889 alikuwa akiishi na msichana aliyeitwa Madeleine Knobloch, ambaye alimchora ameketi akijipaka poda. Tarehe 16 Februari 1890 walipata mtoto wa kiume, Pierre-Georges. Seurat alimtambua mtoto kisheria na kumpa jina lake, lakini kwa zaidi ya mwaka mzima hakuwaambia wazazi wake kwamba wana mjukuu katika jiji hilohilo. Hapa namlaumu. Ukimya unaomfaa mtu mbele ya turubai haumfai mbele ya mama yake, na mwanamke yule na mtoto wake ndio waliolipa gharama ya ukimya huo.

Mwezi Machi 1891 Seurat alikuwa akishughulika na maonyesho ya wasanii huru. Yeye mwenyewe alipeleka mchoro wa sarakasi, mwanamke aliyesimama juu ya farasi anayekimbia, ukiwa bado haujakamilika. Ghafla aliugua. Madaktari wa baadaye wametaja dondakoo, wengine homa ya uti wa mgongo. Alimchukua Madeleine na mtoto, wakaenda nyumbani kwa wazazi wake, na hapo ndipo mama yake alipomwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye, tarehe 29 Machi 1891, Jumapili ya Pasaka, Seurat alifariki. Wiki mbili hivi baadaye mtoto naye alifariki. Madeleine wakati huo alikuwa mjamzito, na mtoto wa pili naye hakuishi.

La Grande Jatte ulibaki kwa familia bila kuuzwa. Mwaka 1900 ulinunuliwa kwa faranga 800 na baba wa mchoraji Lucie Cousturier, akampa binti yake. Mama huyu anastahili wasifu wake mwenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa Fréjus, kusini mwa Ufaransa, aliwafungulia nyumba yake askari Waafrika waliotolewa makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi na kuletwa kupigana, akawafundisha kusoma na kuandika, na baadaye akaandika kitabu kuhusu urafiki wao. Alikwenda pia Afrika Magharibi kuwatazama katika nchi zao. Aliandika vilevile kitabu kuhusu Seurat.

Mwaka 1924 Wamarekani wawili, Frederic Clay Bartlett na mkewe Helen, waliununua mchoro kwa dola 20,000, na mwaka 1926, baada ya Helen kufariki, ukakabidhiwa kwa jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Waogaji wa Asnières uko London. Kwa hiyo zile kingo mbili za mto Seine leo zimetenganishwa na bahari ya Atlantiki. Mwaka 1958 Chicago iliuazimisha La Grande Jatte kwa jumba la sanaa la kisasa la New York. Ukiwa huko, tarehe 15 Aprili, moto ulizuka jengoni. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha na michoro kadhaa iliungua. La Grande Jatte ulitolewa salama. Ulirudishwa Chicago, na tangu hapo haujaazimishwa tena popote.